Baada ya Kutolewa Baka: Namna ya Kukitunza Kidonda Hadi Kovu Litulie

Jumatatu moja kijana wa bodaboda aliketi kwenye stuli ya chumba chetu cha kusafishia vidonda, akavuta kola ya jaketi pembeni, akaniambia, "Sista, nimekiacha kipigwe na upepo, vile waliniambia nyumbani." Nyuma ya shingo, pale palipokuwa na baka jeusi la ukubwa wa punje ya choroko wiki moja kabla, palikuwa na kigaga kinene, kigumu kama ganda la mua, kimepasuka katikati kwa sababu ya kugeuza shingo siku nzima akipenya kwenye msongamano wa Jogoo Road, Nairobi. Ndani ya ufa damu ilikuwa mbichi. Vumbi la barabara lilikuwa limejipanga pembeni mwa kigaga kama mstari wa penseli.

Hakuwa mzembe. Alifuata ushauri wa watu wanaompenda, na ushauri huohuo nausikia karibu kila siku: acha kidonda kikauke, mwaga spiriti, usikifunike. Kazi ya daktari kutoa baka ni ya dakika ishirini au nusu saa. Mahali hapo patakavyoonekana mwaka ujao ni kazi ya wiki utakazokaa nyumbani, na ngozi nyeusi kama yetu haisamehi upesi, kwa sababu kila inapoumizwa huacha weusi au huota kovu la kupanda juu. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Kabla hujatoka kliniki

Uliza baka limetolewa kwa njia gani, maana matunzo yanatofautiana. Kuna kunyolewa, ambapo daktari hukata baka usawa wa ngozi bila kushona. Hubaki kidonda kilicho wazi kama mchubuko wa goti, nacho huziba chenyewe kwa wiki mbili au tatu. Kuna kukatwa hadi chini na kushonwa nyuzi. Halafu kuna kuchomwa kwa umeme, njia inayotumika sana kwa vile vipele vidogo vyeusi vinavyotuota mashavuni na kando ya macho kadiri umri unavyosonga. Vile kwa kweli si mabaka. Ni tabia ya ngozi nyeusi, hurithiwa katika familia, na havigeuki kuwa saratani. Vikichomwa huacha vigaga vidogo ambavyo hudondoka vyenyewe baada ya takriban wiki moja, mradi usivichokoe.

Kama umeshonwa, uliza nyuzi ni za kuyeyuka au za kutolewa, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye karatasi.

Swali la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kipande kilichokatwa kinakwenda wapi? Baka likishakatwa linapaswa kutiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kulihifadhi, libandikwe jina lako na kupelekwa maabara. Mimi mwenyewe, kabla sijasomea kazi hii, nilitolewa baka begani katika kliniki moja hapa jijini. Lilikuwa likisuguliwa na mkanda wa mkoba hadi linatoka damu. Nilipouliza majibu yatatoka lini, niliambiwa kipande kimeshatupwa, "lilikuwa baka tu." Mpaka leo sijui kilikuwa kitu gani. Nimekaa miaka mingi nikiligusa lile bega ninapooga. Usikubali jambo hilo. Na ukiambiwa kuna mtu wa saluni au mchuuzi mwenye dawa ya kupaka inayokausha baka mpaka lianguke, kataa vilevile. Dawa hizo huunguza ngozi ya juu, pengine zikaacha mizizi chini, na hakuna kipande cha kupimwa.

Siku ya kwanza

Bendeji uliyofungwa hospitalini iache ilivyo kwa saa 24, au 48 kama daktari alisema hivyo, na isilowe. Kuoga si lazima uache. Jisafishe kwa kitambaa sehemu nyingine za mwili.

Sindano ya ganzi huisha baada ya saa chache, ndipo maumivu yanapoanza. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza panadoli mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi vidonge nane kwa saa 24. Siku mbili tatu za mwanzo afadhali uepuke aspirini na ibuprofeni ulizojinunulia kwa ajili ya maumivu, kwa sababu huongeza kutoka damu. Lakini kama daktari wako wa moyo au wa kiharusi ndiye aliyekuandikia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usiiache kwa uamuzi wako.

Damu ikitokeza kwenye bendeji usishtuke. Keti, weka shashi safi juu yake, kandamiza kwa nguvu dakika 15 hadi 20 ukitazama saa. Kosa la wengi ni kufunua kila baada ya dakika moja kutazama kama imekoma. Kila ukifunua unaling'oa bonge la damu lililoanza kuziba. Ukimaliza dakika 20 na damu bado inatiririka, rudia mara moja zaidi huku ukitafuta gari la kwenda hospitali.

Kusafisha na kufunika

Kuanzia siku ya pili, fanya haya mara moja kwa siku, mara mbili kama kidonda kinatoa majimaji mengi au umeshinda kwenye vumbi.

Kwanza maji. Maji ya mfereji wa jiji yametiwa dawa, lakini wengi wetu hatuyapati moja kwa moja. Mgao ukifika tunajaza mitungi, mtungi unakaa wiki jikoni, na mtu anachota kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Kanuni ninayowapa wagonjwa ni rahisi: maji usiyoweza kunywa usiyamwage kwenye kidonda. Chemsha lita moja asubuhi, iache ipoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, na uitumie siku hiyohiyo.

Osha mikono kwa sabuni, kucha pia. Bandua plasta polepole. Ikiwa imegandana na kidonda usiivute, bali iloweshe kwa maji yako hadi iachie yenyewe. Kisha chukua sabuni isiyo na manukato, ipige povu mkononi, na upitishe povu juu ya kidonda kwa ncha za vidole bila kusugua. Suuza. Kausha kwa kugusagusa na shashi au kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi. Usitumie pamba, nyuzi zake hubaki ndani ya kidonda.

Sasa paka mafuta mazito ya mgando, yale ambayo kila nyumba huita vaselini, tabaka linalong'aa. Yachote kwa kijiti safi au kijiko kilichochemshwa, usitumbukize kidole, na kopo hilo liwe la kidonda peke yake, si lile la watoto kujipaka miguu. Funika kwa plasta isiyogandana na kidonda. Umemaliza.

Najua wengi watauliza kwa nini kisiachwe kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter huko Uingereza alichapisha utafiti alioufanya kwenye ngozi ya nguruwe: vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu vilifunikwa na ngozi mpya haraka kuliko vilivyoachwa wazi. Sababu yake inaeleweka. Seli za ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, na hutambaa kwa wepesi juu ya unyevu. Kigaga kikigeuka mwamba, inazilazimu kuchimba njia chini yake. Yule kijana wa bodaboda tulimlowesha kigaga kwa shashi yenye maji ya uvuguvugu kama robo saa, kikaachia chenyewe kipande baada ya kipande, tukampaka mafuta na kumfunika. Baada ya siku nane alirudi na ngozi imeziba.

Vitu nilivyowahi kuvisafisha kutoka kwenye vidonda vya watu: dawa ya meno, majivu, unga wa kahawa, maji ya limau, unga wa kapsuli ya antibiotiki iliyopasuliwa. Kila kimoja kiliwekwa kwa nia njema, na kila kimoja kilichelewesha kupona. Spiriti, iodini na haidrojeni peroksaidi nazo huua vijidudu, ndiyo, lakini huua pia hizo seli changa zinazotambaa. Krimu za antibiotiki za kujinunulia hazihitajiki kwa kidonda safi kilichofanywa na daktari. Mafuta ya mgando yenyewe yanatosha, na baadhi ya krimu hizo, hasa zenye neomaisini, huwatoa watu vipele. Jihadhari zaidi na zile tyubu ndogo za krimu zenye steroidi, dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe, ambazo maduka mengi ya dawa huuza kwa kila tatizo la ngozi. Zikipakwa kwenye kidonda kibichi hupunguza kasi ya kupona.

Jambo linalowaogopesha wengi: ukifungua plasta siku ya nne utaona kidonda chenye rangi ya waridi, kina utando wa manjano hafifu unaong'aa. Mama mmoja alilia mbele yangu akidhani nyama inaoza. Hivyo ndivyo kidonda kinachopona kinavyokuwa. Utando huo hauna harufu. Usaha ni mzito, ni wa kijani au wa manjano yaliyokolea, mara nyingi hunuka, na huja pamoja na maumivu.

Endelea hivi mpaka ngozi izibe kabisa.

Nyuzi

Za usoni hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, za kichwani siku ya 7 hadi ya 10, za mikono, miguu, kifua na mgongo siku ya 10 hadi ya 14. Usikate mwenyewe kwa mkasi wa nyumbani, na usichelewe, maana uzi uliokaa usoni majuma matatu huacha alama za ngazi kama reli.

Kutolewa nyuzi hakumaanishi kidonda kimekuwa imara. Katika wiki ya tatu kovu lina takriban thuluthi au robo tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida, pengine pungufu ya hapo, na hata likikomaa halivuki karibu asilimia 80. Kwa hiyo ukitolewa baka mgongoni, begani au mkononi, kwa wiki mbili hadi tatu mtu mwingine akubebee ule mtungi wa lita 20, ambao ukijaa ni kilo 20. Mazoezi ya kuinua vyuma nayo yasubiri. Mkanda wa mkoba uhamishie bega la pili. Mwenye kidonda shingoni au kidevuni afunge mkanda wa helmeti juu ya plasta nene, na helmeti ya abiria inayovaliwa na kila mtu aiepuke akiweza. Nguo ya mitumba ifuliwe na kupigwa pasi kabla haijagusa kidonda. Na ukienda kusuka au kutia nywele dawa, mwambie msusi mapema mahali kidonda kilipo.

Jua la Nairobi

Tuko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10. Baridi yetu ya Juni hadi Agosti inatudanganya: mawingu yametanda, mtu amevaa sweta na kofia ya sufu, naye anadhani jua halipo. Miale hiyo hupenya mawingu.

Ngozi nyeusi haiungui kirahisi, lakini kovu changa likipigwa na jua hutengeneza melanini, ile rangi ya ngozi, kupita kiasi, na weusi huo huchukua miezi mingi kufifia. Wakati kidonda kiko wazi, kinga yake ni plasta. Usipake krimu ya jua juu ya kidonda kibichi. Kikishaziba, paka krimu yenye kinga ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa ngozi yetu nachagua ile yenye rangi ya kahawia, iliyotiwa oksidi ya chuma. Huzuia pia mwanga wa kawaida ambao hutia ngozi nyeusi weusi, na haiachi uso mweupe kama uliopakwa chokaa. Bei yake si ndogo. Kama mfuko hauruhusu, kofia yenye ukingo mpana, leso iliyotandwa begani au plasta ya karatasi juu ya kovu hufanya kazi nzuri.

Weusi ukitokea, usikimbilie krimu za kujichubua za mtaani. Shirika la viwango la KEBS limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinauzwa chini kwa chini. Subiri, jikinge na jua, na ikipita miezi mitatu bila mabadiliko mwone daktari wa ngozi. Kinyume chake pia hutokea: mahali pa kidonda pabaki peupe. Mara nyingi rangi hurudi taratibu kutoka ukingoni.

Kovu na keloidi

Hapa ndipo watu wetu huumia zaidi. Kovu likituna lakini likabaki ndani ya mipaka ya kidonda, kwa kawaida hushuka lenyewe baada ya miezi. Keloidi huvuka mipaka, husambaa kwenye ngozi ambayo haikuguswa na kisu, huwasha, na haishuki bila matibabu. Hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na mahali inapopapenda ni ndewe za masikio, kifua, mabega, mgongo wa juu na taya. Kama wewe, mama yako au ndugu yako aliwahi kuota keloidi baada ya kutoboa masikio au kuchanjwa, mwambie daktari kabla hajagusa baka. Baka la kifuani lisilosumbua na lisilotiliwa shaka huenda likawa heri kuliko keloidi ya kifuani.

Ngozi ikishaziba, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu, anza mambo haya. Weka jeli au karatasi ya silikoni juu ya kovu, saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili mitatu. Karatasi huoshwa na kutumiwa tena. Usipoimudu, plasta ya karatasi ya hospitalini iliyobandikwa kufuata urefu wa kovu hulipunguzia mvuto, na roli moja hudumu sana. Ibadilishe inapoanza kubanduka. Pamoja na hayo, kandakanda kovu kwa ncha ya kidole na mafuta kidogo, duara kwa duara, dakika tano mara mbili kwa siku. Mafuta ya vitamini E sikuyataja kwa makusudi, maana faida yake kwa makovu haijathibitika na huwawasha watu wengi.

Chunguza kovu kila wiki kwa kidole, macho hayatoshi. Keloidi huanza kama ugumu mdogo na mwasho, mara nyingi ndani ya miezi michache ya kwanza. Ukiihisi mapema nenda, kwa sababu sindano za steroidi ndani ya kovu dogo hufanya kazi vizuri kuliko kwenye kovu la ukubwa wa embe. Usikubali ikatwe peke yake bila tiba nyingine ya kuizuia isirudi, kwani ikikatwa hivyo mara nyingi hurudi kubwa zaidi.

Rudi hospitali bila kungoja

Vipeperushi vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta ngozi iliyotuna na kung'aa pembeni mwa kidonda, iliyogeuka rangi ya zambarau au nyeusi zaidi. Weka mgongo wa kiganja upande huu na upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Maumivu ya kawaida hupungua baada ya siku ya tatu, kwa hiyo yakizidi badala ya kupungua, hiyo ni dalili. Usaha, harufu, homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, tezi zilizovimba, nyuzi zilizofunguka, damu isiyokoma: usisubiri Jumatatu. Mwenye kisukari au anayetumia dawa zinazodhoofisha kinga awe mwepesi zaidi kwenda.

Majibu ya maabara

Mara nyingi huchukua wiki moja au mbili. Usidhani kimya maana yake ni kuzuri. Piga simu, au nenda, na uombe nakala ya ripoti mkononi. Mabaka mengi hutoka salama. Lakini melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, huwapata watu weusi pia, na kwetu hupenda sehemu ambazo hatuziangalii: nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley, ambaye picha yake imechorwa kwenye matatu nyingi za jiji hili, aligunduliwa melanoma chini ya kucha ya kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kama ripoti inasema seli mbaya zimefika ukingoni mwa kipande, utakatwa tena eneo kubwa kidogo. Nenda mara moja, hata kama kidonda cha kwanza kimepona vizuri.

Ripoti hiyo itie kwenye bahasha pamoja na kitambulisho na kadi za kliniki. Baka lililonyolewa linaweza kurudisha weusi ndani ya kovu baada ya miezi michache, kwa sababu seli zake zilibaki chini. Weusi huo ukitazamwa hata kwa darubini unaweza kufanana na melanoma. Daktari mwenye ripoti ya kwanza mbele yake atajua anatazama mabaki ya baka salama. Asiye nayo itambidi abahatishe, au akukate upya.